Mbona Hasemi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Picha za Mapenzi za Watu Wakimya

Jumamosi jioni huwa tunaonyesha picha uani kwetu Mikindani, Mtwara, kwa projekta na ukuta uliopakwa chokaa. Picha ikiisha, wanaotaka hubaki tukabishana. Msimu huu tumeonyesha mfululizo wa picha za mapenzi ambazo wapenzi wenyewe hawatamki kwamba wanapendana, na tangu tuanze tunaulizwa yale yale mlangoni, kwenye kundi la WhatsApp na hata sokoni kwenye samaki. Tumeyakusanya hapa. Majibu kayaandika mmoja wetu, na wenzake hawakubaliani naye kila mahali.

Hizi picha ni za namna gani hasa?

Ni za mapenzi, lakini hamna baba mkali aliyekataza posa, hamna tajiri anayempokonya maskini mchumba, wala sumu kwenye juisi. Kizuizi kimo kifuani mwa mhusika mwenyewe: malezi, kazi, haya, heshima ya ndoa, au woga tu.

Tatu ndizo zilizozua maneno zaidi, na zitatajwa sana humu. Ya kwanza ni Brief Encounter, ya Mwingereza David Lean, iliyotoka 1945: mke wa mtu na mume wa mtu wanakutana katika mkahawa wa stesheni ya treni, mchanga umemwingia yule mama jichoni, yule bwana ni daktari, anautoa. Ya pili ni The Remains of the Day ya James Ivory, ya 1993, iliyotokana na riwaya ya Kazuo Ishiguro. Hiyo inahusu watumishi wawili wakuu katika jumba la bwana mkubwa wa Uingereza. Ya tatu ni In the Mood for Love ya Wong Kar-wai, ya mwaka 2000. Hapo tuko Hong Kong ya 1962. Wapangaji wawili, vyumba vyao vimepakana, wanagundua kwamba mume wa huyu na mke wa yule wana uhusiano.

Mbona huyu mwanamume hasemi?

Hili ndilo swali lenyewe, na mara nyingi huulizwa wakati picha bado inaendelea.

Aliyetuchosha kuliko wote ni Stevens wa The Remains of the Day, aliyeigizwa na Anthony Hopkins. Ni mkuu wa watumishi. Bibi Kenton, yaani Emma Thompson, anasimamia watumishi wa kike. Kuna siku wakubwa wana mkutano ukumbini, na ghorofani baba yake Stevens anakata roho. Kenton anashuka kumwambia. Stevens anapokea habari kwa adabu, anasema ana kazi nyingi, na Kenton anapoomba ruhusa amfumbe marehemu macho, anamshukuru. Kisha anarudi kuhudumia wageni.

Uani kwetu pale palichafuka. Mzee mmoja wa Naliendele akauliza kwa sauti: "Kwani huyu hana mjomba?"

Watu walicheka, ila nadhani mzee alishika kiini cha picha nzima. Huku kusini, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana kauli katika mambo ya ndoa. Tena kijana akipenda hajitokezi mwenyewe mbele ya wazazi wa binti kujieleza. Mshenga ndiye anayekwenda, akakaa kwenye mkeka, akazunguka na maneno mpaka yafike. Kijana kwetu anaweza kuwa bubu kabisa na bado akaoa vizuri, maana wapo wa kumsemea.

Stevens hana mshenga. Mtu wake wa damu tunayemwona ni huyo baba, naye ni mtumishi wa zamani aliyemlea katika imani kwamba mtumishi bora ni yule asiyeonyesha lolote usoni. Ukoo wake ni kazi. Anajua kusema kwa niaba ya nyumba ya bwana wake, kwa ufasaha kabisa, ila siku anapotakiwa kusema kwa niaba yake mwenyewe hana hata sentensi moja.

Wengine wanakaa kimya kwa sababu zao. Laura wa Brief Encounter ana mume na watoto wawili, na mume si mtu mbaya, jambo linalomzidishia ugumu. Wale wa Hong Kong, Chow na Su, wameumizwa na wenzi wao, kwa hiyo wameapa wao hawatakuwa kama wale. Ukimya wao ni wa kiburi kidogo. Stevens hajui kusema. Chow na Su wanajua vizuri, wamekataa. Ukiwatia kapu moja, utachoka nao wote.

Sasa kama hasemi, mimi nitajuaje kwamba anapenda?

Angalia mikono. Sisemi kwa mzaha. Waongozaji wa picha hizi wakishamnyima mhusika maneno, huhamishia mambo mikononi na kwenye vitu.

Kuna kipande ambacho Kenton anamkuta Stevens chumbani kwake anasoma kitabu. Anataka kujua ni kitabu gani. Stevens anakikumbatia kifuani, anarudi nyuma hadi ukutani, na Kenton anaanza kumfungua vidole, kimoja baada ya kingine. Kitabu chenyewe ni kihadithi cha mapenzi tu. Lakini tazama mkono mwingine wa Stevens, uko juu karibu na nywele za Kenton, umesita. Haumgusi. Akina mama wa safu ya mbele waliona kabla yetu sisi tulio nyuma kwenye mashine, na kelele zao ndizo zilizotufanya turudishe kipande kile baadaye tukitazame upya.

Au mwisho wa Brief Encounter. Laura na Alec wana dakika chache za mwisho za kuagana maishani mwao, pale pale mkahawani. Anaingia mama mmoja mwenye domo, anamfahamu Laura, anakaa mezani pao na kuanza kupiga soga. Hawawezi tena kusema chochote. Treni ya Alec inafika. Anasimama, anaweka mkono begani kwa Laura, anaubonyeza kidogo, anatoka. Basi. Mapenzi yote ya picha ile yameishia kwenye bega.

Uani siku ile kuna aliyemtukana yule mama mwenye domo tusi ambalo sitaliandika.

Uso mkavu namna ile ndiyo uigizaji? Si hata mimi naweza?

Jaribu. Simama mbele ya simu yako dakika moja, usifanye chochote usoni, kisha jitazame. Utaona mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

Ila swali lina ukweli ndani yake, kwamba sehemu ya kazi haifanywi na mwigizaji. Miaka michache baada ya Mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwongozaji Lev Kuleshov alichukua kipande kimoja cha uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usio na jambo, akakiunganisha na bakuli la supu, kisha na mtoto ndani ya jeneza, kisha na mwanamke aliyejilaza. Watazamaji wakamsifu mwigizaji: pale kwenye supu ameonyesha njaa, kwenye jeneza majonzi, kwa mwanamke tamaa. Uso ulikuwa ule ule mmoja. Njaa na majonzi walikuja navyo wao.

Mwaka 1933, katika picha ya Queen Christina, Greta Garbo alitakiwa kumalizia akiwa amesimama mbele kabisa ya meli, mpenzi wake amekufa, ufalme ameuacha, kamera inamkaribia hadi uso unajaa kioo. Mwongozaji Rouben Mamoulian alimwambia asiwaze kitu, aufanye uso wake karatasi tupu, kila mtazamaji aandike ya kwake. Watu wakatoka wakibishana kama alikuwa na huzuni, ujasiri au amani.

Kwa mtu wa Newala au Tandahimba hii wala si habari mpya. Lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde, ni mti uliochongwa. Kope hazichezi, mdomo haufunguki. Lakini likishatoka uwanjani na mchezaji aliyefunikwa gubigubi, ngoma ikabadilika, utaapa kwamba lile sura limekasirika, halafu limecheka, halafu linamdhihaki bibi fulani pale pembeni. Watoto wanakimbia. Mti haukubadilika hata chembe. Iliyobadilika ni shingo ya mchezaji, mguu, ngoma, na wewe uliyekuwa unautazama.

Kwa hiyo Hopkins ana kazi mbili: kuuzuia uso, na kuhakikisha shingo, mabega na mwendo vinasema. Ndiyo maana wewe na mimi hatuwezi.

Jumamosi ile watu walicheka pale pa kulia. Hamkuona vibaya?

Hapana. Kuna kisa ambacho David Lean mwenyewe alikuwa akikisimulia. Brief Encounter ilipokuwa bado haijatoka rasmi, waliijaribisha kwenye ukumbi wa mji wa Rochester, Uingereza, alikokuwa akipiga picha nyingine. Mapenzi yalipoanza, mwanamke mmoja wa mbele akaangua kicheko. Kikaenea. Kila Laura na Alec walipotazamana, ukumbi unacheka. Lean aliona aibu kiasi cha kutamani kwenda kuichoma filamu yenyewe maabara. Haikuchomwa. Mwaka 1999 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilipokusanya kura za picha bora za Uingereza, hiyo ilikamata nafasi ya pili.

Kwa nini watu hucheka hapo? Nina maoni yangu. Picha ya ngumi inakupa mahali pa kutolea pumzi: steringi akipiga, unapiga naye. Picha hizi zinakukamata na hazikuachii. Mhusika angelia, ungelia naye mambo yakaisha. Halii. Sasa ile pumzi itoke wapi? Inatokea puani, ikiwa kicheko. Tena mtu mzima akitazamwa na wenzake huku mapenzi ya watu yanaonyeshwa hadharani, na pengine mkwe wake kakaa viti viwili mbele, kicheko ni stara yake.

Aina ya kicheko huwa inatofautiana. Kile cha kujificha huja kwa pamoja na hukatika ghafla. Kile cha dharau huanza kwa mtu mmoja na hakina mwisho. Na kuanzia Oktoba, mabibo yakishaanguka mikoroshoni, kuna cha tatu, cha waliopitia kwenye uraka, pombe ya mabibo. Hao hucheka hata kwenye majina ya waigizaji.

Tunaruhusiwa kusema wakati picha inaendelea?

Mnasema hata tusiporuhusu.

Wapo wanaotuletea desturi za kumbi za Dar, kwamba mtu akae kama yuko msikitini. Sisi tumekulia kwenye vibanda umiza, benchi moja watu kumi, na anayeijua picha anawatangulia wenzake kusema "sasa hapo anakufa". Kelele ni namna ya kutazama. Na kwa picha hizi nadhani kelele zina kazi ya ziada: mhusika amenyimwa maneno, watazamaji wanampa ya kwao. "Mshike mkono!" "Geuka basi, baba!" "Ameshaondoka huyo, utamfuata na baiskeli?" Hayo yote yalirushwa kwa Stevens kwa nyakati tofauti, na sikuona hata moja lililoharibu. Mwisho wa picha, Kenton anapanda basi mvua inanyesha, analia, Stevens anainua kofia. Uani mlikuwa na ushauri wa kila namna, na mwenye kofia hakusikia hata mmoja. Nadhani uchungu wa pale uliongezeka kwa sababu tulikuwa tumeshamwambia.

Tunachokataza ni simu. Kuongea na picha, sawa. Kuongea na mtu wa Masasi kuhusu bei ya mnada wa korosho, toka nje.

Kwa nini hamweki DJ wa kutafsiri kama kwenye mabanda mengine?

Swali hili lina ugomvi, na wapo wenzangu watakaolijibu tofauti.

DJ wa kutafsiri ni msanii. Tangu enzi za mikanda ya VHS, ndiye aliyetuletea picha za Wachina na Wahindi nyumbani, na wala hakuwa akitafsiri neno kwa neno. Alikuwa anasimulia, anatania, anawapa wahusika majina ya mtaani, anakwambia barabara ile ni kama ya kwenda Mingoyo. Kwenye picha ya ngumi hana mpinzani. Tatizo ni kwamba anaogopa ukimya. Kazi yake imemfundisha kwamba mtu asiposikia sauti anadhani mtambo umeharibika.

Watazamaji waliomba tujaribu, tukamwita kijana hodari sana kwa In the Mood for Love. Kuna kipande Su anashuka ngazi nyembamba na kile chombo chake cha kubebea tambi, amevaa gauni lile la kola ndefu, fidla zinapiga, Chow anapanda, wanapishana. Hakuna anayesema. DJ wetu akaingia: "Hapa dada moyo unamdunda, anajisemea, leo nikimkuta nitamwambia ukweli wangu." Watu wakapiga makofi, na kwa haki, maana alilisema vizuri. Lakini picha ilipoisha, kikao chetu kilikuwa kifupi ajabu. Hapakuwa na cha kubishania. Kila tulichopaswa kujiuliza, DJ alishatujibu.

Sasa tunafanya hivi. Wazee wengi hawawahi kusoma maandishi ya chini, hasa yakiwa ya Kiingereza, kwa hiyo mwalimu mmoja anakaa na kipaza sauti na Kiswahili chake alichokiandika mapema, anasoma pale tu mhusika anapofungua mdomo. Mhusika akinyamaza, naye ananyamaza. Mara ya kwanza alilalamika kwamba analipwa soda kwa kukaa bure nusu ya picha.

Wale wawili wa Hong Kong, walilala pamoja au hawakulala?

Picha haikuonyesha. Wong Kar-wai alipiga kipande cha wawili hao wakifikia hapo, kisha akakikata kisiingie. Ninyi mnaouliza kila wiki mnauliza kitu alichokitoa kwa makusudi ili muulize.

Niongeze moja, maana wengi linawapita. Mume wa Su na mke wa Chow, wale wanaosaliti, sura zao hatuonyeshwi. Tunasikia sauti, tunaona mgongo. Wenye kufanya jambo wamefichwa, na wasiofanya ndio tunaokaa nao saa moja na nusu. Halafu wasiofanya wanaanza kuigiza: Su anajifanya anamhoji mumewe, Chow anakuwa mume, wanarudia ili siku ikifika asilie. Wanaigiza hadi wanafanya mazoezi ya kuagana wao wenyewe, na hapo Su analia kweli. Ni watu walioweza kusema ukweli kwa sharti moja, kwamba waseme ni mazoezi. Tony Leung alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume Cannes mwaka huo 2000 kwa kazi hiyo.

Wanaume tu ndio wakimya? Wanawake je?

Laura wa Brief Encounter ni mkimya kuliko Stevens, ila hatumhisi hivyo kwa kuwa tunasikia mawazo yake. Picha nzima ni yeye, amekaa sebuleni na mumewe Fred anayejaza fumbo la maneno gazetini, anamsimulia yote kimoyomoyo. Anamwambia kila kitu, na Fred hasikii neno. Dada mmoja wa Shangani akasema: "Huyu angekuwa na kanga tu, yote haya yangekwisha." Anajua anachosema. Kwetu mwanamke akitaka kunena bila kunena, huchagua kanga, akapita nayo pale panapohusika, na aliyekusudiwa husoma jina lake akaelewa. Laura wa watu ana kofia na koti tu, hayaandikwi kitu.

Lakini tulipomaliza, bibi mmoja akatugeuzia kibao. Akasema sote tumemtazama Laura, mkimya mwenyewe ni Fred. Mwishoni kabisa Fred anainuka, anapiga magoti karibu na mkewe, anamwambia alikuwa ameenda mbali sana, na anamshukuru kwa kurudi. Kumbe alikuwa anajua? Kiasi gani? Tangu lini? Picha inaisha hapo hapo. Bibi yule alisema mwanamume wa hivyo ndiye wa kuigiziwa picha, si huyo daktari wa stesheni. Tulibishana hadi jenereta ikazimwa. Mimi niko upande wa bibi.

Mke wangu alilia, mimi sikulia. Nina tatizo?

Huna. Wapo wanaolia Jumanne, wanatoa samaki matumbo, picha ilikuwa Jumamosi.

Kila mkimya basi ni mhusika mzuri?

Hapana, na hapa ndipo tunapopigwa chenga sana. Kuna ukimya wa mhusika na kuna uvivu wa mwandishi, na kwenye kioo vinafanana.

Mhusika mkimya wa kweli anataka kitu katika kila kipande. Unaweza kukitaja: Stevens anataka Kenton asiondoke chumbani, na anataka pia asione kitabu. Hivyo viwili vinagongana mbele yako, na kila anaponyamaza kuna kinachompotea. Mkimya wa uvivu hataki kitu. Anatazama bahari. Kinanda kinapiga. Anatazama tena bahari. Ukiuliza anawaza nini, aliyeandika naye hajui.

Tamthilia nyingi za Kituruki na za Kikorea zilizotiwa Kiswahili, zile zinazofunga mitaa yetu jioni, zina huyu bwana tajiri asiyecheka. Sehemu za mwanzo huwa sawa, ana sababu zake. Kufika katikati unaona ukimya umekuwa wa kuongeza muda: sura hii, sura ile, sura ya mama mkwe, muziki, kwaheri hadi kesho. Ningekuwa mimi ningemfukuza bwana huyo kufikia wiki ya pili, ila nakiri ndani ya nyumba yangu sina kura.

Bongo Movie nayo ina ugonjwa wa upande wa pili. Huko kila mtu anasema. Anasema anachohisi, anakirudia akiwa peke yake chumbani, halafu anampigia rafiki yake simu amweleze. Waigizaji wetu wengi wanaweza kunyamaza vizuri. Hawaandikiwi nafasi ya kunyamaza.

Hakuna za kwetu basi?

Ipo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi. Ilionyeshwa Toronto mwaka huo, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin ametoroka ndoa ya kuozeshwa kwa mwanamume mzee, Denge yumo kwenye harakati dhidi ya ukoloni. Denge si mtu wa kumwaga maneno matamu. Ana mambo mengine ya hatari ya kunong'ona. Tuliionyesha, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza mbona hasemi. Waliuliza mbona haoi. Lugha ilipokuwa yetu, watu walisoma macho na mavazi bila kusaidiwa, nami nikaona kwamba malalamiko mengi dhidi ya Stevens pengine ni malalamiko dhidi ya maandishi ya chini.

Mume wangu ni Stevens mtupu. Nifanyeje?

Sisi ni waonyesha picha, mama. Makungwi wapo. Ila kumbuka tu kwamba Kenton hakukaa kumsubiri: aliolewa na mwingine akaondoka.

Mvua ikinyesha?

Tunahamia bandani, chini ya mabati, na picha inabadilishwa. Kuanzia Desemba hadi Aprili hatuna njia: mvua ikigonga bati, hata Hopkins akipiga kelele husikii, sembuse akinong'ona. Miezi hiyo ni ya picha za Kihindi na ngumi. Wakimya wanarudi Mei.

Tunaweza kuja na chakula? Na watoto?

Ming'oko, korosho, mihogo, leteni, ila vitu vya kumenya na kuvunja viishe kabla ya nusu ya picha. Watoto hawakatazwi, hamna chafu humo, lakini wanachoka upesi. Mtoto wa jirani yangu alitazama robo saa ya Brief Encounter akauliza treni itagonga saa ngapi.

Sijawahi kutazama hata moja. Nianze na ipi?

Brief Encounter. Haifiki saa moja na nusu, na ingawa haina rangi, Laura anakueleza mwenyewe kichwani mwake, hutapotea. Ya pili The Remains of the Day, inazidi saa mbili, kwa hiyo njoo mapema upate kiti chenye mgongo. Ya Hong Kong iache ya mwisho, tena usije na njaa, maana zile tambi zao wanazinunua usiku baada ya usiku, na mama wa chapati hapa kwetu hufunga saa mbili.